Nukta za Mwalimu wa Darasa la Pili

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu mliopo kazini na mliostaafu, wazazi, nanyi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti havikutosha, mimi ni mdogo wake marehemu, mtoto wa tatu na wa mwisho kwa wazazi wetu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia ya dada yetu, karatasi mbili zilizochapwa vizuri na mpwa wangu, ila kabla sijaanza nawaomba mnivumilie, kwa sababu nilikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni kwa miaka thelathini na moja, na sijawahi kupokea karatasi kutoka mkononi mwa mtu nikaiamini kabla ya kuigeuza upande wa pili. Karatasi hizi nimezikagua tangu jana asubuhi. Mengi yaliyomo ni kweli. Lakini kwenye karatasi ya pili, mstari wa tisa, kuna sentensi moja ambayo siwezi kuisoma mbele ya jeneza hili, na tukifika hapo nitasimama, nitawaeleza kwa nini, na atakayenikasirikia atakuwa na haki yake.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Agosti 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, baba yetu akiwa mpakiaji katika kiwanda hicho, na mama akishona mashuka ya hospitali kwa cherehani ya kuazima. Cheti chake cha shule kinasema 1954, jambo ambalo nililishuku miaka mingi, maana mtu mmoja hazaliwi mara mbili, mpaka mama, kabla hajatutoka, alipokiri kwamba alimpunguza dada mwaka mmoja ili shule imkubali, kwa sababu mwaka aliotakiwa kuanza alibakishwa nyumbani kutulea mimi na dada yetu wa pili, huyu aliyekaa mstari wa mbele, ambaye utotoni alikuwa analia kutwa nzima, na naona leo ameendelea palepale alipoishia. Usinikodolee macho, dada yangu, nasoma historia.

Alianza darasa la kwanza Januari 1962, akiwa na miaka minane kwa hesabu ya mama na saba kwa hesabu ya cheti, katika shule ya msingi iliyopakana na maghala, na kwa kuwa alikuwa amechelewa mwaka mzima, alikuwa anasoma kama mtu anayekimbilia treni iliyokwisha kupiga honi. Jioni akirudi aligeuza jiko letu kuwa darasa. Alituita majina mimi na dada wa pili, kwa sauti ya mwalimu wake, nasi tulitakiwa kujibu Nipo, na asiyejibu hakupewa chakula mpaka ajibu, nami nilikuwa nakataa, kwa sababu sikuona sababu ya kumwambia mtu nipo wakati ananitazama usoni. Ni yeye aliyenifundisha kuandika, kwa mkaa, kwenye sakafu, na nilijifunza haraka, isipokuwa kulikuwa na maneno fulani yaliyonishinda, yale yenye dh, ambayo mimi mpaka leo mkono wangu unataka kuyaandika kwa z, na yeye alikuwa anayafuta kwa kanga ya mama na kuniambia niandike tena.

Hapa naongeza jambo ambalo halimo kwenye karatasi, kwa sababu aliyezichapa hakuwa amezaliwa. Mwezi Machi 1965, nikiwa darasa la pili, nilijikojolea darasani kwa kuogopa kumwomba ruhusa mwalimu mwenye fimbo, wenzangu wakacheka hadi wakagonga madawati, na wakati wa mapumziko nikaondoka, na kwa siku tatu zilizofuata nikawa natoka nyumbani na madaftari yangu, naagana na mama vizuri kabisa, kisha nashinda ndani ya behewa bovu lililoachwa kwenye reli ya pembeni. Mwalimu wangu aliita jina langu mara moja kila asubuhi, akachora X, akaendelea na hesabu za kujumlisha. Siku ya tatu dada alipita dirishani kwetu, akaona nafasi yangu iko wazi, akatoka darasani mwake bila kumuuliza mtu, akanitafuta sokoni, mtoni na kiwandani, na alipofungua mlango wa behewa lile hakunigombeza wala hakunibembeleza, alikaa juu ya sakafu ya mbao, akatoa penseli, akanifundisha hesabu za siku zote tatu nilizokosa, ndipo tukarudi nyumbani. Sisemi kwamba mambo yake ya baadaye yalianzia pale. Ushahidi sina.

Alimaliza elimu ya msingi mwaka 1968, akasoma sekondari miaka miwili, kisha akaenda chuo cha ualimu kuanzia 1971 hadi Desemba 1972, na siku ya Jumatatu, tarehe 8 Januari 1973, akaripoti kazini katika shule ileile ya pembeni mwa maghala, akapewa darasa la pili B, wanafunzi sabini na mmoja, madawati ishirini na matatu, na dirisha moja lisilofunga. Mara tatu aliitwa apandishwe kufundisha madarasa ya juu, na mara tatu alikataa, nami nikawa najiuliza, kwa sababu katika kazi yangu abiria anayekataa kuhamia behewa bora huwa ana kitu amekificha chini ya kiti. Nilipombana aliniambia kwamba darasa la kwanza watoto wanaletwa wameshikwa mkono, darasa la tatu wamekwisha zoea, lakini darasa la pili ndipo wanapoanza kujileta wenyewe, na mtoto anayejileta mwenyewe ndiye anayepotelea njiani. Nilimjibu kwamba hayo ni maneno mazuri. Sikumwamini.

Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1978, alifunga ndoa na fundi saa mwenye kibanda mkabala na posta, mtu ambaye nilimshuku tangu siku ya posa, maana alikuwa mpole kupita kiasi, na siku ya harusi, fundi saa mzima, mwenye saa tatu mkononi, alichelewa dakika arobaini. Baadaye nilikuja kugundua kwamba alisimama njiani kumtengenezea mzee mmoja saa ya ukutani. Waliishi pamoja miaka thelathini na moja, mpaka shemeji alipofariki mwaka 2009, na katika muda huo wote sikumpata na kosa, ingawa nilitafuta. Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza wa kiume, dereva wa lori, na wa pili wa kike, fundi umeme, huyu mpwa wangu aliyechapa karatasi hizi, na wote wawili walijifunza kusoma kabla ya kuota meno ya ukubwani, wala si ajabu kwa nyumba ile.

Sasa tumefika kwenye karatasi ya pili, mstari wa tisa. Hapa pameandikwa hivi, kwamba mwaka 2004 marehemu alihamishiwa stoo ya shule kwa sababu za kikazi, na akaendelea kufanya kazi huko hadi alipostaafu kwa heshima. Nimeshawaona walimu wawili pale wameinamisha vichwa. Ndugu zangu, hakukuwa na sababu za kikazi. Dada yangu aliondolewa darasani kwa kosa la kughushi daftari la mahudhurio, jalada lake mpaka leo linasema hivyo, na kwenye ubao wa majina ya walimu waliotumikia miaka mingi, ule uliotundikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, jina lake halipo. Mpwa wangu aliandika sentensi hii kwa upendo, kufunika aibu ya mama yake, na mimi nakataa kuisoma kwa sababu aibu hiyo haikuwa ya mama yake.

Naomba niwaeleze kuhusu daftari lenyewe. Kila asubuhi mwalimu anaita majina, aliyepo anajibu Nipo na kuwekewa vema, asiyekuwepo anawekewa X, na kanuni ya wakati ule ilisema kwamba mtoto mwenye X ishirini mfululizo jina lake linafutwa, na akishafutwa basi, kumrudisha ni safari ya ofisi na ofisi ambayo mzazi anayeshinda kazini haiwezi. Dada alikuwa na alama ya tatu, ya kwake peke yake, ambayo haimo katika kanuni yoyote. Alikuwa anaweka nukta. Nukta moja ndogo ya wino wa buluu, katikati ya kisanduku, na baadhi ya nukta hizo, jioni au siku iliyofuata, ziligeuka kuwa vema, kwa wino wa kalamu nyingine, na nyingine zilibaki hivyohivyo mwaka mzima, na kwa kuwa nukta si X, majina hayo hayakufutwa. Watoto walimwita Mwalimu Nukta, mbele yake, naye alikuwa anaitika.

Mwaka 2003 binti yangu alikuwa darasa la pili B, kwa shangazi yake. Binti yangu alikuwa hodari, anaamka mwenyewe, anapiga viatu rangi mwenyewe, na mwaka mzima alikosa siku moja tu, tarehe 22 Julai, akiwa na homa, akawekewa X. Mwezi Novemba shule ikatoa kamusi ya jalada gumu kwa kila mwanafunzi wa darasa la pili ambaye hakuwa na X hata moja, zikatoka mbili tu, na kamusi moja ikaenda kwa mtoto wa jirani yetu, sawa, halali yake, na nyingine ikaenda kwa msichana mmoja aliyeitwa Kimya, mtoto wa mama dobi wa mtaa wa nyuma, ambaye mimi kwa macho yangu nilikuwa namwona mchana wa siku za kazi, amembeba pacha mmoja mgongoni na mwingine amemweka kwenye beseni la nguo, wakati mama yao amekwenda kupeleka nguo za watu. Jamani! Niliumia moyoni kuliko nilivyopaswa. Binti yangu hata hakulia, alikwenda akamuuliza shangazi yake, akarudi na jibu, kwamba X ni ya mtoto ambaye mwalimu anajua yuko wapi, na kwamba siku ile ya homa shangazi alijua yuko kitandani, mama yake yuko pembeni na dawa iko mezani, lakini nukta ni ya mtoto ambaye mwalimu hajui yuko wapi na bado anamtafuta. Binti yangu aliridhika na akaenda kucheza. Mimi niliyaona hayo kuwa maelezo ya abiria asiye na tiketi, yale marefu, yenye huruma ndani yake.

Nikaanza upelelezi, kumpeleleza dada yangu wa tumbo moja. Siku nilipokwenda kwake kunywa chai nilifungua daftari lililokuwa mezani, nikaona wino wa aina mbili katika kisanduku kimoja, na mimi nimeona maelfu ya tiketi zilizotobolewa mara mbili, siwezi kudanganywa na wino. Nikagundua kwamba kila Ijumaa baada ya vipindi anapita njia ya nyuma, na mkoba mkubwa wa kahawia, hafikii kwake, anaingia uani kwa mama dobi, mkoba umevimba, na akitoka baada ya saa nzima mkoba umelegea. Nikajiambia, aha, nimempata, anaandika watoto hewa ili apewe madaftari na unga wa uji wa shule, kisha anavipeleka kwa watu wake. Ijumaa ya pili nikasimama nyuma ya ukuta wa yule dobi, karibu na kamba za nguo, mtu mzima na kofia yangu ya kazi, nikasikiliza. Sasa nawaomba msikie vizuri, kwa sababu hiki ndicho nilichokiacha. Nilimsikia dada akiita jina la mtoto, jina lake kamili, kwa sauti ya darasani, na nikasikia sauti ndogo ikijibu kwamba nipo, mwalimu.

Niliisikia, na nikaondoka, na nikaandika barua. Nilitumia mashine ya chapa ya kituoni ili mwandiko wangu usijulikane, sikuweka jina, nikaipeleka ofisi ya elimu kwa mkono na kuiacha chini ya mlango saa ya chakula, nikaeleza juu ya wino, juu ya mkoba, juu ya kamusi, na ile sauti ya mtoto sikuiandika. Mkaguzi anayeacha ushahidi nje ya ripoti huwa anafukuzwa kazi. Mimi mwaka uliofuata nilipandishwa cheo.

Naona mpwa wangu amesimama. Kaa, mama, bado kidogo, ukitaka kunitoa hapa mbele utanitoa nikimaliza.

Jumanne, tarehe 17 Februari 2004, saa nne asubuhi, dada aliitwa kwenye kikao cha nidhamu, katika chumba cha walimu, mbele ya watu watano na mwenyekiti, na kwa kuwa aliruhusiwa kuja na mtu mmoja wa familia, alimwacha mume wake kwenye kibanda cha saa akanichukua mimi, akasema anataka mtu anayejua mambo ya ukaguzi. Nilivaa suti. Waliufungua mkoba wa kahawia juu ya meza, wakakuta kibao cha kuandikia, vipande vya chaki, kitabu cha kusoma cha darasa la pili, na chupa mbili za maziwa, za mapacha, kwa sababu mapacha wakishiba hulala, na wakilala Kimya anapata saa moja ya kusoma. Afisa wa elimu akamuuliza kama mwanafunzi namba thelathini na nane, yaani Kimya, alikuwepo siku ya Ijumaa, tarehe 17 Oktoba 2003. Akajibu kwamba alikuwepo. Akaulizwa alikuwepo wapi, akajibu kwamba alikuwepo kwao, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anasoma ukurasa wa kumi na mbili, na kwamba daftari linauliza mtoto yupo au hayupo, haliulizi yupo wapi. Afisa akasema daftari ni la shule, si la mtaa, akaandika kwamba mwalimu amekiri. Na kwa kanuni afisa yule alikuwa sahihi, mimi nasema hivyo mpaka leo, maana vema inawekwa kwa mtoto aliyeko ndani ya uzio, na dada alijua hivyo, na aliweka.

Kisha wakampa ile barua aisome. Aliisoma polepole, ukurasa wote, halafu akaomba kalamu, nasi tukadhani anataka kutia sahihi. Hakutia sahihi. Alikuwa anasahihisha. Neno mahudhurio lilikuwa limetokea mara nne ndani ya barua ile, na mara zote nne lilikuwa limeandikwa mahuzurio, kwa z, naye akakata z moja baada ya nyingine, akaweka dh juu yake, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni, akamrudishia mwenyekiti karatasi, na mwenyekiti akakasirika akasema hiyo ni dharau kwa kikao. Hakunitazama. Nilikaa pale na suti yangu. Mashine ya chapa inaficha mwandiko, ila z haikuificha.

Alipewa stoo, akawa anagawa chaki, mafagio na sabuni kwa miaka tisa, hadi tarehe 9 Agosti 2013 alipostaafu. Darasa la pili B lilipewa mwalimu mwingine, kijana mwenye bidii, asiyekuwa na kosa lolote, aliyefuata kanuni, na katika daftari la dada kulikuwa na watoto kumi na mmoja wa nukta, na kufikia mwisho wa Juni 2004 saba kati yao walikuwa wamefutwa. Nilikwenda kuuliza, ndiyo maana najua idadi. Kimya, ambaye mwaka ule alikuwa anarudia darasa la pili, alikuwa wa tatu kufutwa. Hakurudi shule tena, na barua yangu ndiyo iliyomtoa, na kama kuna mtu hapa anataka kulisema jambo hili kwa namna ya upole zaidi, mimi sitaki kumsikia. Dada aliendelea kwenda kule uani kila Ijumaa baada ya kufunga stoo, bila daftari, mpaka mtoto yule akajua kusoma na kuandika, na leo Kimya ni mama mwenye duka lake la kufulia, anaandika majina ya wateja kwa mkono wake mwenyewe, na nguo aliyovishwa marehemu ndani ya jeneza hili, yeye ndiye aliyeipiga pasi, na alipoileta alfajiri nilimuuliza ametumwa na nani. Ndivyo nilivyo. Samahani, Kimya.

Na dada hakuniambia neno. Siku ileile ya kikao, jioni, alikuja kwangu, akanywa chai, akamwita binti yangu akamwambia amtajie herufi za neno mahudhurio, moja moja, mtoto akazitaja zote bila kosa, akapewa peremende. Tangu siku hiyo, kwa miaka kumi na tisa, nimekuwa namshuku dada yangu kwamba anajua. Kila aliponiletea kitu nilijiuliza kwa nini ameleta, kila aliponyamaza nilijiuliza ananyamazia nini, aliponisifu kwenye sherehe ya kustaafu kwangu nilisikiliza kila neno nikitafuta mwiba, na mwiba sikuupata. Jamani, kazi hiyo inachosha kuliko treni.

Mwezi Februari 2022 marehemu alianza kuvimba miguu, vipimo vikaonyesha kwamba figo zake zimedhoofika, akatibiwa akiwa nyumbani, na tarehe 3 Mei 2023 akalazwa hospitalini, wodi namba tatu, kitanda namba kumi na moja, kando ya dirisha. Alimwomba binti yake amnunulie daftari la miraba. Akaandika majina yetu, wanawe wawili, dada wa pili, jirani yake wa ukuta mmoja, mwenzake wa stoo, na mimi, na kila siku baada ya saa ya kuona wagonjwa alikuwa anaweka alama, aliyekuja vema, ambaye hakuja na ametoa taarifa X, na wauguzi walikuwa wanacheka wakisema mwalimu hastaafu. Mimi sikukosa hata siku moja. Nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kufukuzwa. Wiki ya pili, alipolala kidogo, nikalivuta daftari lile, maana mkono wangu haujifunzi, nikakuta mistari yote ina vema na X, na mstari wangu, tangu juu mpaka chini, una nukta.

Nilimsubiri aamke nikamuuliza, kwa ukali kidogo, mbona mimi ninayekuja kila siku nawekewa nukta, na huyu dereva wa lori anayepita mara moja kwa wiki ana vema. Akasema kwa sababu sijui uko wapi. Nikamwambia niko hapa, nimekaa juu ya kiti cha plastiki, kimevunjika mguu mmoja. Akacheka, akaomba maji, nikampa. Nilielewa. Nilikuwa na siku arobaini na zaidi za kufungua mdomo, kila asubuhi nilikuwa najiambia leo, na kila jioni nilikuwa natoka na mfuko mtupu wa machungwa, na siku ya Jumatano, tarehe 28 Juni 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, kabla ya saa ya kuona wagonjwa, nikiwa getini nabishana na mlinzi kuhusu dakika, marehemu akaaga dunia. Nimezihesabu nukta. Ziko hamsini na sita, na hakuna hata moja aliyoibadilisha kuwa X, na kwenye daftari lake, ninyi wenyewe mmenisikia, nukta ni ya yule ambaye bado anatafutwa.

Jana nilikwenda kwa Kimya kuazima ile kamusi ya jalada gumu, ambayo anayo mpaka leo, chini ya kaunta, imefungwa kwa nailoni, na sikumwambia naitakia nini. Nilikuwa naandika barua nyingine ya ofisi ya elimu, na nilitaka kuhakikisha neno. Barua hiyo iko mfukoni mwangu, inaeleza juu ya mkoba, maziwa, na ile sauti ya mtoto nyuma ya ukuta, ina jina langu na sahihi yangu, mahudhurio yameandikwa mara sita kwa dh, na Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni pa ofisi ile, sitaipitisha chini ya mlango. Mwalimu mkuu, nimekuona umekaa pale, ule ubao wa majina uuachie nafasi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, hasa yule daktari kijana niliyemfuata mpaka kwenye ngazi nikidai kuona dawa aliyomchoma dada, akanionyesha chupa na hakunitukana. Nawashukuru majirani, pamoja na jirani wa ukuta mmoja, ambaye nilimshuku kwa kulia sana siku ya kwanza, kumbe alikuwa analia tu. Nawashukuru walimu na wafanyakazi wenzake, wa darasani na wa stoo, na wote mliowahi kuwekewa nukta, mnajijua, mmekuja wengi kuliko nilivyotegemea. Wale saba ambao hawakurudi darasani, waliopo na wasiokuwepo, kwenu sina neno la shukrani, ninalo la kuomba radhi, nalo halitoshi.

Mpwa wangu, njoo na lile daftari la miraba, uliweke juu ya jeneza, usiandike chochote. Alama ya kuandika humo ni yake mwenyewe.

Dada, nilikuwa nyuma ya ukuta wa dobi. Ndipo nilipokuwa, miaka yote hii, ulipokuwa hujui niko wapi. Leo nimetoka, watu wote hawa wananiona, nawe pumzika kwa amani, usinitafute tena. Nipo, mwalimu.